Must ya Chini, Should ya Juu

Kiingereza changu chote ni maneno matano, na manne kati ya hayo niliyaelewa nikiwa nimefukiwa kwenye shimo la dhahabu. Shule niliishia darasa la nne, kule kwetu Tinde, na sikuwa nimekaa sana hata hilo la nne lenyewe. Kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali, usimlaumu mwalimu. Mwalimu wangu alikuwa kifusi.

Waliotaka kuniua nawajua kwa majina, kwa ubini, na kwa jinsi wanavyokohoa. Nimeshauriwa majina nisiyaandike. Sawa. Nitawataja kwa vyeo vyao, maana vyeo ndivyo walivyokuwa wanavipenda. Wa kwanza ni mwenye duara. Duara ni mdomo wa shimo, na mwenye duara ndiye mwenye shimo lote, mpaka chini, hata kama hajawahi kutia kidole humo ndani. Huyu wetu alikaa Kahama, kwenye maghala yake ya mpunga. Wa pili ni afisa usalama, kijana wa suruali ya kitambaa, ambaye baadaye tulikuja kujua kwamba alisomea mambo ya hoteli.

Shimo lenyewe lilikuwa mbele kidogo ya Rwamgasa. Unashuka futi arobaini kwa winchi ya mkono, halafu unaingia njia ya pembeni kwa magoti ukiufuata mwamba. Kuta zimezuiwa na miti, tunaiita matimba. Juu kuna mashine ya upepo inayosukuma hewa kwenye bomba la plastiki, bomba lenyewe nene kama mkono wa mtoto, linashuka mpaka pale unapogonga. Basi. Hayo ndiyo mambo ya mgodi, mengine ni jasho.

Tulifanya kazi miaka miwili bila Kiingereza. Siku moja mwenye duara akasikia kwamba wakaguzi wanapenda mgodi wenye kitabu. Akaingia kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Kahama, akatolewa kopi ya kitabu cha usalama migodini. Kilikuwa kimeandikwa katika nchi ya baridi. Kilikuwa na sura nzima ya namna ya kufanya theluji ikiziba barabara ya mgodi. Sisi, watu ambao mvua ikichelewa tunaanza kuangaliana vibaya, tulikalishwa chini tukasomewa mambo ya theluji.

Pamoja na kitabu akaja huyo afisa. Kila Jumatatu asubuhi tulipanga mstari mbele ya winchi.

"Must!" anasema.

"Masti!" tunaitikia.

"Must ni lazima. Haina mjadala, usipofanya unafukuzwa. Have to ni inabidi. Hupendi, lakini hali imekubana. Need ni unahitaji, bila hicho kitu kazi haiendi. Should ni ingefaa."

Mvuta winchi, rafiki yangu, mtu wa maneno, akanyoosha mkono. "Ingefaa kwa nani, afisa?"

"Kwa wote."

"Na nisipofanya?"

"Basi ingekuwa vizuri ungefanya."

Halafu akafungua kitabu akatusomea ya siku hiyo. Mchimbaji must avae helmeti. Mwenye mgodi should atoe helmeti.

"Ngoja niweke sawa," mvuta winchi akasema. "Mimi nisipovaa, nafukuzwa. Yeye asiponipa, ingekuwa vizuri angenipa."

"Umeelewa vizuri sana," afisa akamwambia, na akampigia makofi. Sitanii. Alimpigia makofi.

Jumatatu iliyofuata wote tulikuja tumevaa. Mmoja alivaa kibuyu kilichokatwa nusu. Mwingine alivaa sufuria iliyofungwa kidevuni kwa kamba ya kiatu, mpaka mama anayetupikia akaja mbio anadai sufuria yake ya maharage. Mimi nilivaa dumu la mafuta ya kula, lita tano, nimelikata ubavuni, mkono wake umebaki kisogoni kama kishikio cha birika. Afisa alitukagua mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari kwamba wafanyakazi wote wamevaa. Hakuandika wamevaa nini.

Sikuwa na elimu ya kuchambua vitabu, lakini sokoni nimekaa, najua mzani ukielemea upande mmoja. Kila must ya kile kitabu ilikuwa yetu. Must tuwahi, must tuvae, must tusiseme na wageni. Kila should ilikuwa ya mwenye duara. Should atoe maji ya kunywa. Should awe na gari la wagonjwa. Must zilianguka chini kwa uzito wake, should zikabaki zinaelea huko juu kama manyoya ya kuku. Kilichokuwa chetu sote ni inabidi: inabidi msubiri.

Matimba nayo yalikuwa na neno lake. Should yakaguliwe kila wiki. Na nani? Kitabu kilinyamaza. Siku moja, nikiwa napanda, nikauona mti wa tatu kutoka chini umepasuka, ufa unaingia ukucha. Nikamfuata afisa.

"Afisa, mti wa tatu umepasuka. Ingefaa ubadilishwe."

"Ingefaa kweli," akasema.

Tukakubaliana hivyo, watu wazima wawili, kila mtu akaenda zake.

Hapo nijitaje na mimi, nisije nikaonekana nawaonea wenzangu. Lazima nilikuwa naijua. Naijua kwa Kiswahili na naijua kwa Kisukuma. Siku ile sikuitumia. Niliogopa kumwambia lazima mtu mwenye suruali ya kitambaa. Siku ya tatu mti ukaachia.

Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa, halafu nikawa sioni. Miguu yote imebanwa mpaka kwenye mapaja, kichwa kiko huru. Dumu lilinisaidia, siwezi kulikana. Bomba la hewa lilikuwa karibu na shavu langu, na hewa ilikuwa inakuja. Nikajua: nina bomba, nina dumu, nina uhai. Vitu vitatu. Cha tatu kinategemea cha kwanza.

Mashine ikazimwa. Sauti ikaja kwenye bomba, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Shikamoo mzee!"

Ni afisa. Nami, kwa mazoea, nikaitikia. "Marahaba. Nitoeni."

"Habari za huko?"

"Si nzuri. Nitoeni."

"Poleni sana."

"Niko peke yangu, afisa."

"Basi pole."

Nikamsikia mvuta winchi anasukumana na mtu. "Kaka! Nakuja! Nashuka sasa hivi!"

"Hushuki," afisa akasema. "Sura ya tisa. Muokoaji must not aingie bila kibali cha maandishi cha mwenye mgodi."

"Mwenye mgodi yuko Kahama!"

"Tutampigia."

Kwanza nieleze lile bomba, maana ndilo lililokuwa linanifundisha. Wakiwasha mashine napata hewa, lakini kwa kelele zake sisikii kitu. Wakiizima nasikia kila neno, lakini hewa inakatika. Yaani wakiwasha napata hewa, wakizima napata Kiingereza. Kadiri walivyobishana ndivyo nilivyopungukiwa pumzi, na wao kila walipopata neno jipya walizima mashine ili wasikilizane.

Simu ikaita. Wakaiweka sauti ya juu, karibu kabisa na bomba.

"Kitabu kinasema nini juu yangu?" mwenye duara akauliza. Hakuuliza kama nazungumza. Hakuuliza kama napumua.

"Kinasema mwenye mgodi should aite kikosi cha uokoaji, bosi."

"Should?"

"Should."

"Siyo must?"

"Must ipo mstari wa juu yake, bosi. Hiyo ni ya aliyefukiwa. Must atulie."

"Ehe. Basi tusikurupuke. Ukiita kikosi, wanakuja na wakaguzi. Wakaguzi wanafunga mgodi. Mgodi ukifungwa watu wanakosa kazi. Mimi namfikiria huyo huyo aliye chini. Akitoka atafanya kazi wapi?"

"Bosi, inabidi tufanye kitu!" Huyo alikuwa mvuta winchi.

"Inabidi, sijakataa," mwenye duara akajibu kwa upole, kama mtu anayempangia bei mteja. "Lakini inabidi siyo must. Na hii si dharura bado. Soma hapo dharura ni nini."

Karatasi zikafunuliwa. Nilizisikia. Afisa akasoma kwamba dharura ni pale mfanyakazi anapokuwa hajulikani alipo.

"Anajulikana alipo?"

"Anajulikana, bosi. Tunaongea naye."

"Umeona?"

Nikapiga kelele mpaka koo likauma. "Washeni mashine!" Wakawasha. Nikavuta hewa kama ng'ombe aliyefika mtoni. Wakazima tena. Afisa alikuwa amepata kitu nyuma ya kitabu.

"Mzee! Kuna fomu!"

"Fomu ya nini?"

"Ya kuomba kuokolewa. Ombi must lisainiwe na mfanyakazi mwenyewe. Ukisaini tu, bosi anatoa kibali."

"Ye si yuko chini!" mvuta winchi akapiga yowe.

"Ndiyo maana tunamtumia," afisa akasema, na kwa sauti yake nilijua amefurahi, kama mhudumu aliyekumbuka kuleta chumvi.

Wakaizungusha karatasi kwenye peni, wakaiingiza kwenye bomba. Nilisema msiweke kitu kwenye bomba. Nilisema mara nyingi. Lakini walikuwa wameshawasha mashine ili upepo uisukume, na mashine ikiwaka, huko juu hawasikiani hata wao kwa wao.

Pale ule mti wa tatu ulipolalia bomba palikuwa na kona. Fomu ikafika hapo ikakaa.

Sitaandika sana juu ya muda ule. Hewa haikuja, sauti haikuja. Niliweka mdomo kwenye bomba nikavuta, nikapata harufu ya plastiki. Moyo ulikuwa unagonga ndani ya dumu. Nilimfikiria mke wangu anapepeta mchele, hivyo tu, mikono yake, bila maneno.

Yaliyoendelea juu nilisimuliwa hospitali na mvuta winchi. Walizima mashine. Afisa akainama, akatega sikio. Kimya.

"Ametulia," akasema. Akaangalia saa, akaandika kwenye daftari kwamba mfanyakazi ametulia kama inavyotakiwa.

Mvuta winchi akaanza kujifunga kamba kiunoni. Wapambe wawili wa mwenye duara, waliokuwa wanamlindia shimo, wakamkalia. Walimkalia kweli, mmoja kifuani, mmoja miguuni.

Ndipo akaja yule mama anayetupikia, na bakuli limefunikwa sahani. Akapiga magoti kwenye bomba. "Ng'wanawane!" Mwanangu, yaani. "Ng'wanawane, nikuwekee chakula?"

Kimya.

Akarudia. Kimya. Akamgeukia afisa. "Huyu mtu hajawahi kukataa chakula tangu nimjue."

"Mama, ametulia."

"Ametulia wapi? Mtu anayenidai ukoko kila siku?"

Akaweka bakuli chini, akafunga kanga vizuri, akapiga mwano.

Asiyetoka Usukumani nimweleze. Mwano ni ukelele wa hatari. Ukiusikia unaacha ulichoshika, unaupokea, unaupiga na wewe ili wa mbele asikie, halafu unakimbia kule mwano ulikotoka. Huulizi ni wa nani. Huulizi ni wa nini. Asiyekwenda anaitwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na mpaka amalizane na watu hapewi moto, hapewi chumvi, hasalimiwi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu anauliza kama kuitikia mwano ni lazima au ingefaa. Atakayeuliza hivyo, watu watamwangalia kama amevua nguo.

Walikuja. Walikuja wa kwenye mpunga na matope mpaka magotini. Walikuja wachungaji na fimbo zao. Alikuja fundi cherehani na futi yake shingoni, na mwanamume mmoja aliyekuwa ananyolewa, upande mmoja wa kichwa una nywele, upande mwingine unang'aa. Nyuma yake alikuja kinyozi, bado ameshika mkasi.

"Kibali!" afisa akawaambia, amekiinua kitabu. "Sura ya tisa!"

Wakamwinua wakamweka pembeni, kama unavyosogeza kiti ili upite.

Jirani palikuwa na shimo lililoachwa, na mwenye duara alikuwa amekubaliana na mwenye shimo hilo kwamba hakuna atakayegusa mpaka. Watu wa mpunga hawakujua mpaka. Waliingia humo wakaanza kuukata ukuta kuja kwangu. Mzee mmoja mchungaji akashuka kwa kamba ya winchi mpaka pale kifusi kilipoanzia, akawa anagonga bomba na fimbo yake kidogo kidogo, sikio limeegemea, kama anavyogonga tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Alipofika kwenye kona mlio ukabadilika.

"Hapa pameziba! Washa kwa nguvu zote!"

Waliomkalia mvuta winchi walikuwa wameshakimbia. Akainuka, akawasha kwa nguvu zote, mzee akagonga, na mimi huku, ambaye nilikuwa nimeanza kuona rangi, nikapigwa usoni na fomu. Peni ikafuata, ikagonga dumu. Halafu hewa. Sijui niieleze vipi hewa ile.

Alasiri nilitolewa. Aliyenishika makwapani ni yule wa nusu kichwa. Jua lilinichoma macho, watu wanapiga vigelegele, na afisa akapenya katikati yao, akainama.

"Mzee, fomu imefika?"

Ilikuwa kwenye ngumi yangu. Mama alimpiga mwiko mmoja tu, wa mgongoni, na mlio wake naukumbuka mpaka leo kwa upendo.

Fomu bado ninayo. Afisa mwenyewe ndiye aliyenisomea siku nyingine. Ina jina la mwombaji, ina tarehe, na chini ina mistari mitatu: sababu ya kuomba kuokolewa.

Neno la tano lilinifuata hospitali, mguu wa kulia ukiwa na chuma. Afisa alikuja na ripoti, akaisoma kwa sauti. Matimba ought to have been nini sijui huko.

"Maana yake nini?"

"Yalipaswa yawe yamekaguliwa."

"Si uliniambia ni should?"

Akafikiri. Alikuwa si mjinga, niseme ukweli wake. "Should ni kabla, mzee. Hii ni jambo likishaharibika."

"Nani alipaswa?"

"Ripoti haisemi."

Mimi nasema. Mwenye duara alipaswa. Afisa alipaswa. Na siku ile ya ufa, mimi.

Sungusungu hawakusoma ripoti. Afisa alipoulizwa kwa nini hakuitikia mwano akasema alikuwa ameshafika kabla haujapigwa, wazee wakacheka mpaka wakafuta macho, wakampa kazi ya kumtekea maji mama wa chakula kwa mwezi mzima. Aliifanya vizuri. Hoteli ilimfaa.

Mwenye duara yeye aliletewa taarifa Kahama kwamba simu ilikuwa haijakatwa, mwano aliusikia, na hakuja. Akajibu kwamba hakuna sheria inayosema must. Sawa. Alipokuja mgodini akasema habari zenu, watu wakaangalia mawingu. Alipotaka winchi ivutwe, mvuta winchi akawa anakata kucha. Alipokwenda kununua mpunga kwenye vijiji vile, akaambiwa haupo, na amesimama juu ya magunia. Wiki ya tatu akaja na ng'ombe wa kuomba radhi.

Wazee wakamwambia ng'ombe ni baadaye. Kwanza aitikie mwano.

"Ule uliokwisha?"

"Umekwisha vipi? Wewe hujaja."

Wakampa jembe. Wakamrudisha mpaka barabarani. Mama akasimama pale pale, akafunga kanga, akapiga mwano upya, na yule mtu mzima wa maghala, mwenye viatu vya ngozi, akakimbia kutoka barabarani na jembe begani, huku watu wamejipanga pande mbili wanamwambia haraka, haraka, mtu anakufa. Akashushwa kwa winchi mpaka kwenye kifusi. Akaanza kuchimba.

Mimi niliwekewa kigoda pale juu, magongo yangu pembeni. Bomba lilikuwa bado lipo. Baada ya muda sauti yake ikapanda humo.

"Wazee! Nichimbe mpaka lini?"

"Mpaka umtoe!"

"Nimtoe nani? Si huyo mmemkalisha hapo juu?"

"Huyo ni wetu, tulimtoa sisi!" mzee wa fimbo akamjibu. "Wewe mtoe wa kwako!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Halafu mzee akaniambia kwamba kazi imekwisha nikisema imekwisha. Neno ni langu. Mwenye duara naye alilisikia hilo kwenye bomba.

"Mzee mwenzangu," akaniita. Miaka miwili hakuwahi kuniita mwenzake. "Mzee mwenzangu, sema basi nitoke. Huku hewa ni nzito."

Mvuta winchi aliniangalia. Mama aliniangalia, mwiko mkononi. Nilivuta kigoda karibu na bomba ili asikie vizuri kama nipo, nikakohoa mara moja. Halafu nikatulia, kama kitabu kinavyosema.

Nilimwacha humo mpaka mama alipopakua chakula. Siyo kwa huruma. Ukoko ulikuwa umeiva, na sikupenda kuula huku mtu ananiita.